Udaktari huanzia kwenye fomu ya masomo

Mtoto amepata B+ katika mtihani wa KCSE. Nyumbani, iwe ni Bulla Iftin, Masalani au Modogashe, chai ya maziwa imeandaliwa na majirani wamefika kutoa pongezi. Mjomba ameahidi kuuza ngamia ili mtoto akasomee udaktari. Wiki chache baadaye, tovuti ya KUCCPS inapofunguliwa, familia inagundua kwamba mtoto hawezi hata kuomba kozi hiyo. Gredi ya wastani inatosha na karo iko njiani, lakini somo moja halipo kwenye hati yake. Alipokuwa akiingia kidato cha tatu aliacha Biolojia, akabaki na Kemia na Fizikia, na hakuna aliyemwambia maana ya uamuzi huo.

Kosa la aina hii halionekani siku linapofanyika. Hukaa kimya miaka miwili, kisha hujitokeza wakati ambapo ni vigumu kulirekebisha. Makala haya yanawaeleza wanafunzi, wazazi na walezi wa Kaunti ya Garissa ni masomo gani yanayohitajika ili mtu akubaliwe kusomea udaktari, kwa nini yanahitajika, na nini kinaweza kufanywa katika kila hatua.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 841,353 katika kaunti hii, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 43,000. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali na zahanati za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na daktari anayetoka hapa anajua njia ya Hulugho, anazungumza na mgonjwa kwa Kisomali bila mkalimani, na ana sababu ya kubaki baada ya mkataba wake wa kwanza kwisha.

Sharti la msingi ni lipi?

Nchini Kenya, udaktari husomewa moja kwa moja baada ya shule ya upili. Kozi ya shahada ya udaktari na upasuaji kwa kawaida huchukua miaka sita, kisha mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja kama daktari mwanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa kabla ya kupata leseni kamili. Anayesimamia viwango hivyo ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kama KMPDC.

Kwa aliyefanya KCSE, kiwango cha chini ni gredi ya wastani ya C+, pamoja na B isiyo na alama ya kujumlisha wala kutoa katika kila moja ya masomo manne yafuatayo:

1. Biolojia
2. Kemia
3. Hisabati au Fizikia
4. Kiingereza au Kiswahili

Masomo haya manne ndiyo yanayoitwa klasta. Mwanafunzi mwenye wastani wa A- lakini aliyepata C+ katika Kemia hajatimiza sharti. Mwenye wastani wa B na B katika masomo yote manne amelitimiza, ingawa kama itakavyoelezwa hapa chini, kutimiza sharti na kupata nafasi ni mambo mawili.

Orodha hiyo isomwe kwa makini, kwa sababu nusu yake ina mbadala na nusu haina. Biolojia na Kemia hazina mbadala. Hakuna Kilimo, Sayansi Kimu wala Kompyuta inayoweza kushika nafasi yao. Katika nafasi ya tatu na ya nne, mwanafunzi ana chaguo. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haimfungii mtu mlango wa udaktari, mradi mwanafunzi apate B katika Hisabati, ambayo ni somo la lazima kwa kila mtahiniwa. Anayesoma Fizikia pia ana nafasi mbili: likiteleza moja, jingine linamshika mkono. Vivyo hivyo kwa lugha. Mwanafunzi aliyekulia katika nyumba ya Kisomali na kuona Kiingereza ni kigumu anaweza kutegemea Kiswahili, au kinyume chake.

Kuna mtego mmoja mdogo. KCSE ina aina mbili za Hisabati. Ile inayohesabiwa katika klasta ya udaktari ni ya kwanza, inayoitwa Alternative A, ambayo ndiyo hufundishwa katika shule nyingi. Ile nyepesi, Alternative B, haifai kwa kozi hii. Mzazi aulize shule mtoto wake amesajiliwa ipi.

Kwa nini masomo hayo na si mengine?

Wanafunzi wengi huona masharti haya kama kizuizi cha kuwapunguza watu tu. Ukweli ni kwamba kila somo lina kazi wodini.

Hisabati ndiyo inayopima dawa. Chukua mfano wa darasani, usiotumiwa kama maagizo ya matibabu: mtoto ana uzito wa kilo 12, na kipimo cha dawa ni miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa hiyo kila mililita ina miligramu 24, na 180 ikigawanywa kwa 24 ni mililita 7.5. Anayekosea nukta katika hesabu hii anampa mtoto dawa mara kumi zaidi, au moja ya kumi ya anachohitaji.

Biolojia ndiyo inayoeleza ugonjwa unavyosafiri. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na kuenea sehemu nyingine za nchi hadi 2007. Mifugo na watu walikufa. Ili kuelewa kilichotokea ni lazima mtu ajue mbu huzaana vipi katika maji yaliyotuama, virusi huingiaje kwa mbuzi na kondoo, na kwa nini mchinjaji na mfugaji anayezalisha mnyama mgonjwa wako hatarini zaidi.

Kemia ndiyo inayoeleza kwa nini mgonjwa aliyeharisha siku mbili katika joto la Garissa hapewi maji matupu, bali maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo maalumu. Nayo lugha ndiyo chombo cha kumsikiliza mgonjwa, kuandika faili lake na kulikabidhi kwa zamu inayofuata bila utata.

Kiwango cha chini si cha kuingilia

B katika masomo manne humruhusu mwanafunzi kuomba. Haimhakikishii nafasi. Nafasi za udaktari katika vyuo vikuu vya umma ni chache na waombaji ni wengi, na kwa kawaida wanaochukuliwa ni wenye wastani wa A au A-. Hapo ndipo alama za klasta zinapoamua.

Kanuni iliyozoeleka ya kukokotoa ni hii. Kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, na kuendelea kushuka. Jumlisha pointi za masomo manne ya klasta, ugawanye kwa 48. Jumlisha pointi za masomo saba yanayohesabiwa, ugawanye kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. KUCCPS ndiyo inayofanya hesabu rasmi na hutumia pia vigezo vyake vya kulinganisha, lakini kanuni hii inaonyesha jambo muhimu.

Chukua wanafunzi wawili waliopata jumla ya pointi 74 kila mmoja. Wote wana wastani wa A-.

Mwanafunzi wa kwanza: Biolojia A, Kemia A-, Hisabati A, Kiingereza A-. Masomo yake mengine ni Kiswahili B+, Elimu ya Dini ya Kiislamu B na Jiografia B. Pointi zake za klasta ni 46.

Mwanafunzi wa pili: Biolojia B+, Kemia B+, Hisabati B, Kiingereza A-. Mengine ni Kiswahili A-, Elimu ya Dini ya Kiislamu A na Jiografia A-. Pointi zake za klasta ni 40.

Wa kwanza anapata takriban 44.1. Wa pili anapata takriban 41.1. Pengo la pointi tatu ni kubwa katika kozi ambayo waombaji hutenganishwa na sehemu ya pointi. Kijijini, wawili hawa watapongezwa sawa. Kwenye orodha ya udaktari hawako sawa, kwa sababu masomo ya klasta huhesabiwa mara mbili: mara moja ndani ya klasta na mara ya pili ndani ya jumla.

Funzo lake ni jepesi. Mwanafunzi anayetaka udaktari na mwenye saa moja ya ziada jioni aitumie kwa Kemia, Biolojia au Hisabati kabla ya kuitumia kupandisha somo ambalo tayari anapata A.

Sehemu ya tano ya alama iko maabara

Katika KCSE, Biolojia, Kemia na Fizikia kila moja ina karatasi tatu. Ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40. Kwa hiyo alama 40 kati ya 200, yaani sehemu ya tano, hupatikana kwa mikono: kusoma bureti, kutambua chumvi kwa rangi na harufu, kuchora kielelezo cha jani au mfupa na kukitia majina.

Hapa ndipo shule nyingi za kaskazini mashariki hupoteza watahiniwa wazuri. Mashambulizi ya kigaidi, likiwemo lile la Kamuthe mnamo Januari 2020 ambapo walimu watatu waliuawa, yalifuatwa na kuhamishwa kwa walimu wengi wasio wenyeji, na walimu wa sayansi walikuwa miongoni mwao. Ajira ya walimu iko mikononi mwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo wazazi hawakosi la kufanya. Katika mkutano wa wazazi, maswali haya yana uzito kuliko rangi ya sare:

Je, wanafunzi wa kidato cha tatu wameingia maabara mara ngapi muhula huu?

Je, kuna bureti na pipeti za kutosha ili kila mwanafunzi ashike yake, au mwalimu huonyesha mbele na wengine hutazama?

Je, kuna shule jirani yenye maabara ambayo wanafunzi wanaweza kutembelea Jumamosi moja kila mwezi?

Mwanafunzi naye anaweza kujinoa bila vifaa vingi. Kusoma kipimo cha maji kwenye sindano isiyo na ncha, kuchora kielelezo cha ua kwa penseli iliyochongwa vizuri, na kuandika jedwali lenye vichwa na vipimo ni kazi za nyumbani. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zinaonyesha kwamba maswali ya vitendo hujirudia kwa umbo, hata yakibadilika kwa namba.

Kwa walio kidato cha tatu na cha nne

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 ni lile lililofanya KCPE mwaka 2023, na litafanya KCSE mwaka 2027. Kwa walio katika makundi haya ya mwisho, kosa la masomo halina muda mrefu wa kurekebishwa. Usajili wa KCSE hufanywa mapema katika mwaka wa mtihani, na ukishafungwa, orodha ya masomo imefungwa nayo.

Mwanafunzi anayegundua sasa kwamba hana Biolojia azungumze na mwalimu wa masomo mara moja, akiwa na mzazi. Kufidia mwaka mzima wa somo ni kazi ngumu, lakini aliye kidato cha tatu bado ana muda. Aliyekwisha kumaliza na kukosa gredi katika somo moja, na anayefikiria kurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi, athibitishe kalenda ya Baraza la Mitihani, KNEC, bila kuchelewa.

Kwa walio gredi ya 9 na ya 10

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Sekondari Pevu, yaani gredi ya 10, mnamo Januari 2026, na litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. Hapa uamuzi unafanywa mapema zaidi. Mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, maarufu kama STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo huo huchagua masomo matatu, pamoja na yale ya lazima.

Anayetaka udaktari achague STEM, na ndani yake mseto wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Mseto huo ndio salama zaidi, kwa sababu unashika masomo yote ya sayansi yaliyo katika klasta ya sasa na hauzibi njia ya uuguzi, famasia, udaktari wa meno, maabara wala uhandisi. Hisabati nayo imegawanywa mara mbili: ile yenye kina kwa wanafunzi wa STEM, na ile nyepesi kwa mikondo mingine. Mwanafunzi wa udaktari anahitaji ile yenye kina.

Jambo la kuangaliwa ni shule yenyewe. Si kila shule inafundisha kila mseto. Mzazi anayejaza fomu ya mtoto wa gredi ya 9 aangalie kwanza kama shule anayoitaka inatoa Biolojia, Kemia na Fizikia pamoja, kisha ndipo aangalie jina la shule na umbali wake kutoka nyumbani.

Ushauri wa jamaa wa ng'ambo

Familia nyingi za Garissa zina ndugu Minneapolis, Columbus, London au Toronto. Jamaa hawa hutoa ushauri kwa moyo mwema, na mara nyingi husema: "Mwache asome Biolojia chuoni kwanza, udaktari utakuja baadaye." Ushauri huo ni sahihi Marekani. Huko, mtu husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, katika taaluma yoyote, mradi amalize masomo ambayo shule za udaktari hutaka: kwa kawaida Biolojia, Kemia ya jumla, Kemia ya kikaboni na Fizikia, yote yakiwa na maabara, na mara nyingi Biokemia. Hufanya mtihani wa MCAT, kisha huingia shule ya udaktari kwa miaka mingine minne.

Kenya haina hatua hiyo ya kati. Chuo kinachopokea wanafunzi wa udaktari hutazama hati ya shule ya upili. Kwa hiyo masomo ambayo mwanafunzi wa Marekani huyakamilisha akiwa chuo kikuu, wa Garissa huyakamilisha akiwa na miaka 16 au 17, mara nyingi bila kujua kwamba anayakamilisha. Uganda na Tanzania nazo zina njia yao ya kidato cha tano na cha sita. Tanzania huita mseto unaohitajika PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Nchi hizi hutofautiana, lakini Kemia na Biolojia hazikosekani katika njia zao.

Aliyeko chuo kikuu tayari

Kuna vijana wa kaunti hii wanaosoma shahada ya sayansi, kwa mfano Biolojia au Biokemia, na bado wana ndoto ya udaktari. Wana njia, lakini waanze na hatua hii: watoe hati ya KCSE na kuangalia klasta ya masomo manne. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha njia.

Mwenye B katika yote manne na aliye mwaka wa kwanza afuatilie kipindi cha uhamisho ambacho KUCCPS hufungua. Uhamisho huangalia kama mwombaji amefikia alama za mwisho za kozi anayotaka, na kama nafasi ipo. Kipindi hicho hupita haraka.

Mwenye B katika yote manne lakini asiyefikia alama za ushindani anaweza kuomba kama mwanafunzi wa kujilipia katika chuo kilichoidhinishwa, akijua kwamba gharama ni kubwa.

Mwenye pengo katika klasta asidhani kwamba shahada au diploma itaziba pengo hilo yenyewe. Baadhi ya vyuo hupokea maombi ya wahitimu wa shahada za sayansi au diploma za afya waliofaulu vyema, na kila chuo kina masharti yake. Mwombaji aandikie ofisi ya usajili ya chuo, aambatanishe hati zake, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote. Neno la simu kutoka kwa wakala si jibu.

Kabla ya kwenda kusoma nje

Vijana wengi husafiri kwenda Uganda, Misri, Uturuki, India na kwingineko kusomea udaktari, na wengine hurudi wakiwa madaktari hodari. Wanaopata shida ni wale walioondoka bila kuuliza. Mhitimu wa nje hufanya kwanza mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi hospitalini. Chuo kilichompokea mwanafunzi mwenye D katika Kemia hakimsaidii siku hiyo.

Kwa hiyo maswali mawili yajibiwe kabla ya tiketi kununuliwa: Je, mwanafunzi ametimiza kiwango cha chini cha Kenya? Je, shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Baraza? Familia ipate majibu hayo kutoka kwa Baraza lenyewe. Ngamia aliyeuzwa kwa karo ya chuo kisichotambuliwa harudi zizini.

Kuna milango mingine ya afya

Aliyekosa udaktari hajakosa utumishi wa afya. Shahada ya uuguzi kwa kawaida huhitaji wastani wa C+, na C+ katika masomo ya klasta. Diploma za Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ambacho kina kampasi hapa Garissa, huanzia wastani wa C pamoja na masharti ya masomo kwa kila kozi. Afisa wa kliniki husoma miaka mitatu, na katika vituo vingi vya vijijini yeye na muuguzi ndio wanaomwona mgonjwa kwanza. Milango hii nayo hutaka Biolojia. Mwanafunzi aliyeshika sayansi zake vizuri ana chaguo tano; aliyeacha Biolojia hana hata moja kati ya hizo.

Jina, kitambulisho na karo

Mambo matatu yasiyo ya darasani huwachelewesha wanafunzi wa Garissa.

La kwanza ni tahajia ya jina. Mtoto huitwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye hati ya KCSE na Muhumed kwenye kitambulisho. Kila ofisi huuliza upya. Jina likaguliwe wakati wa usajili wa mtihani, herufi kwa herufi, na majina matatu yafuatane kwa mpangilio uleule.

La pili ni kitambulisho cha kitaifa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huhitaji kitambulisho kwa mwombaji. Anayetimiza miaka 18 aombe mara moja, bila kusubiri barua ya chuo.

La tatu ni gharama. Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi nchini. Tangu 2023 ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma hugawanywa kati ya msaada wa serikali, mkopo na mchango wa familia, kulingana na hali ya nyumbani. Maombi ya ufadhili ni tofauti na maombi ya kozi: aliyepangiwa chuo na KUCCPS hajaomba mkopo hadi aombe mwenyewe. Basari za umma za kaunti na za NG-CDF hutolewa kwa aliyejaza fomu ndani ya muda, akiambatanisha barua ya chuo na muundo wa karo.

Maswali ya kujipima

Mwanafunzi na mzazi wasome maswali haya pamoja, kisha walinganishe na majibu.

Swali la 1. Mwanafunzi ana wastani wa B+. Ana Biolojia B, Kemia B, Hisabati C, Fizikia B, Kiingereza C+, Kiswahili B. Je, ametimiza sharti la chini la udaktari?

Swali la 2. Mwingine ana wastani wa A-. Ana Biolojia A, Kemia B-, Hisabati A, Kiingereza A. Je, ametimiza?

Swali la 3. Msichana wa gredi ya 9 anataka kuwa daktari wa watoto. Shule iliyo karibu na nyumbani inatoa Biolojia, Kilimo na Jiografia. Shule ya mbali inatoa Biolojia, Kemia na Fizikia. Familia izingatie nini?

Majibu. Wa kwanza ametimiza: Fizikia inashika nafasi ya Hisabati, na Kiswahili inashika nafasi ya Kiingereza. Wa pili hajatimiza, kwa sababu Kemia haina mbadala na B- iko chini ya B. Wa tatu atakosa Kemia katika shule ya karibu, na bila Kemia ndoto yake inaishia gredi ya 10. Familia ipime gharama ya bweni na nauli ikijua hilo, na imsikilize msichana mwenyewe kabla ya fomu kutiwa sahihi.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kazi hiyo alikwenda Makerere, Uganda. Leo shule za udaktari ziko Nairobi, Eldoret, Nakuru, Maseno, Kakamega na kwingineko, na kijana wa Balambala au Dadaab anaweza kuomba zote akiwa na simu mkononi. Kitakachoamua ni masomo yaliyoandikwa kwenye fomu yake miaka kadhaa kabla. Kwa hiyo jioni ya leo, mzazi mwenye mtoto wa gredi ya 9 au kidato cha tatu aombe kuiona fomu hiyo, na atafute kwanza neno Kemia.